Mafuta juu, chumvi chini

Kwetu, kwenye delta ya Rufiji, hakuna anayejisifu kwa kuchimba kisima kirefu. Mchimbaji anayeijua kazi huchimba mpaka maji yamfike magotini, akaonja, akatoka. Ukiendelea kwa tamaa ya maji mengi utayapata, lakini siku ya pili chai itakuwa na chumvi, na wanawake watapita kisimani kwako bila kutua ndoo. Mama yangu alinifundisha hata namna ya kuteka: kata ndogo, taratibu, juu juu, usitibue. Nilidhani ni adabu ya kisima tu. Miaka mingi baadaye, nikiwa Chuo cha Maji pale Ubungo, mwalimu alichora ubaoni kisiwa cha mchanga kilichozungukwa na bahari, na ndani yake akachora kitu kama punje kubwa ya dengu. Akasema, haya ni maji ya mvua yaliyozama ardhini, nayo yanaelea. Nikaikumbuka kata ya mama.

Yanaelea kweli. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa takribani asilimia mbili na nusu, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuyabeba. Mholanzi Willem Badon Ghyben aliifanya hesabu yake mwishoni mwa miaka ya 1880, na Mjerumani Alexander Herzberg akaifikia tena mwaka 1901: kwa kila sentimita moja ya maji baridi iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama sentimita 40 chini ya usawa huo, kisha chumvi inaanza. Hiyo ni hesabu ya ardhi tulivu. Deltani kwetu, ambako wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, maji hayo mawili hayaachwi yatulie, na mpaka wao ni ukungu mpana. Lakini kanuni ni ile ile. Ukivuta maji baridi yakashuka kwa sentimita 5, chumvi iliyo chini yake ina nafasi ya kupanda hadi mita 2. Wazee walilijua hilo kwa ulimi.

Nimeanza na chumvi kwa sababu kazi yangu ni kupima kitu kingine kinachoelea. Petroli, dizeli na mafuta ya taa hukaa juu ya maji baridi kama maji baridi yanavyokaa juu ya chumvi. Nikienda kuwaeleza watu, sichukui picha. Nachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nakata shingo. Natia maji ya bahari niliyoyatia rangi kidogo, juu yake namimina maji ya mvua polepole kwenye mgongo wa kijiko, juu kabisa mafuta ya taa. Matabaka matatu yanakaa. Kisha namwuliza aliye karibu: kama tabaka la juu limeharibika, na la chini halinyweki, utachimba wapi?

Mafuta niliyajua kabla ya maji. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari ya kusini yalisubiri kivuko cha Ndundu, na masika yakizidi barabara ya Kilwa ilikuwa ikikatika. Daraja lile la karibu kilomita moja, na lami iliyokuja, viliifungua njia. Leo malori ya mafuta yanapita usiku na mchana, na sheli zimeota kando ya barabara, Bungu, Kibiti mjini, mpaka Ikwiriri. Mimi nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa kwenye mojawapo ya sheli za barabara hiyo. Sitasema ipi.

Kazi yangu ya kwanza kila alfajiri ilikuwa kupima tangi. Unafungua kifuniko, unashusha kijiti kirefu chenye alama za sentimita mpaka kiguse chini, unakitoa, unasoma palipolowa. Kwenye ncha ya kijiti tulipaka dawa ya maji, kitu kizito cha rangi ya kahawia kinachokaa kwenye kikopo. Ikigusa mafuta haibadiliki. Ikigusa maji inageuka nyekundu. Maji yakiingia tangini hukaa chini, mafuta juu, kwa hiyo wekundu wa sentimita mbili pale nchani maana yake una maji ya sentimita mbili. Sikujua kwamba nilikuwa najifunza kwa udogo kile nitakachokifanya maisha yangu yote: kutafuta mahali ambapo mafuta yanaishia na maji yanaanzia.

Baada ya kijiti ilikuja hesabu. Mafuta ya jana, jumlisha yaliyoshushwa na lori, toa yaliyouzwa, lazima yalingane na ya leo. Kwa miezi mitatu hayakulingana. Yalipungua lita tisa, lita nane, lita kumi, siku baada ya siku. Nilipomwambia aliyekuwa juu yangu alijibu kwamba mafuta ni kitu cha kuruka, jua la Kibiti unalijua. Petroli huruka kweli, hata mtoto anajua ukiacha kifuniko wazi. Ila tangi lililokuwa likipungua lilikuwa la dizeli, na dizeli hairuki hivyo. Lita tisa kwa siku ni zaidi ya lita 3,200 kwa mwaka. Sikuwa na neno la kumjibu. Nadhani nilikwenda kusoma ili nilipate.

Tangi lenyewe mara nyingi halina kosa. Panapovuja zaidi ni kwenye maungio ya mabomba kati ya tangi na pampu, chini ya zege ambapo hakuna jicho linalofika. Tone likitoka linashuka ndani ya mchanga. Njiani linaacha sehemu yake imenaswa katikati ya chembe za mchanga, kama mafuta yanavyobaki kwenye kitambaa ulichokamua. Kisichonaswa kinafika kwenye maji na kusimama, kinatandaa, kinaanza kusogea kufuata mteremko wa maji ardhini. Na wakati huo huo maji yanayopita chini yake yanakilamba. Yanayeyusha benzini, tolueni na ndugu zao, yanaondoka nazo. Watu wanauliza juu ya mafuta kwa sababu yanaonekana, yana rangi za upinde wa mvua kwenye ndoo. Mimi naogopa zaidi yale maji safi yaliyoyapita.

Benzini huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Nimefanya hesabu hii mara nyingi kwa sababu kila mara huniuma upya: petroli yenye benzini asilimia moja, lita yake moja ina benzini ya kutosha kufikisha kwenye kikomo hicho zaidi ya lita 800,000 za maji. Na benzini peke yake, pua ya mtu haiinusi majini mpaka iwe imezidi kikomo mara mamia. Kwa hiyo mtu akiniambia maji yake hayanuki kitu, namshukuru kwa taarifa, kisha natoa chupa ya sampuli.

Sasa niseme tunavyopima.

Kisima cha uangalizi si cha kutekea. Ni bomba la plastiki la inchi 2, au 4, lililosimamishwa kwenye tundu la kekee. Sehemu yake ya chini ina mipasuko myembamba ya kuingiza maji, imezungushiwa mchanga mkavu uliochaguliwa, na juu ya mchanga huo tunajaza udongo wa bentonaiti unaovimba ukilowa na kuziba, ili maji ya mvua ya juu yasiteremke kando ya bomba na kutudanganya. Juu kabisa kifuniko na kufuli. Kwenye mdomo wa bomba kuna mkwaruzo mdogo wa tupa, na vipimo vyote vya maisha ya kisima hicho vinaanzia kwenye mkwaruzo huo. Jambo kubwa kuliko yote ni mipasuko iko wapi. Lazima usawa wa maji upite katikati yake, masika na kiangazi, kwa sababu kinachoelea kitaingia bombani pale tu panapokuwa na mlango kwenye usawa wake. Ndiyo maana kisima kirefu cha pampu, kinachovuta maji mita 40 chini, kinaweza kukaa juu ya ziwa la dizeli bila kuonyesha hata tone.

Kifaa ni utepe wenye alama za milimita, mwishoni una kichwa cha chuma chenye macho mawili. La kwanza ni la mwanga, linatambua kwamba limegusa kimiminika chochote. La pili ni la umeme: maji hupitisha umeme, mafuta hayapitishi. Kifaa kikilia mfululizo bila kukata, hayo ni mafuta. Kikilia kwa kukatakata, hayo ni maji. Unashusha taratibu, unausikia mlio mrefu, unasoma. Unaendelea kushusha, mlio unaanza kukatika, unasoma tena. Tofauti ya namba mbili ni unene wa mafuta. Mimi husoma namba ya pili nikiwa naupandisha utepe kutoka kwenye maji, kwa sababu mafuta hujivika kwenye kichwa na kukichelewesha. Tunaanza kwenye kisima safi na kumaliza kwenye kichafu, tunaosha utepe kwa sabuni kila baada ya kisima, na simu inabaki garini. Mvuke wa petroli uliofungiwa bombani miezi miwili haungoji kiberiti kikubwa.

Visima visipungue vitatu. Kwa kimoja unajua kina tu. Kwa viwili unajua kimoja kiko chini ya kingine. Vitatu vikikaa pembetatu, midomo yake ikapimwa kwa usawa mmoja, ndipo unapata mshale: maji ya hapa yanaelekea upande gani. Na mshale ndio unaosema nyumba ya nani iko mbele.

Sasa nieleze kosa langu, maana lina faida kwa mwingine.

Ilikuwa Aprili, mvua imeshiba. Nilipelekwa na ofisi ya Dar es Salaam niliyokuwa naifanyia kazi kwenye kituo kimoja cha barabara ya kusini kilichokuwa na malalamiko ya harufu. Visima vitatu vilikuwepo tayari. Nilishusha utepe kwenye kisima cha kwanza, kilichoko nyuma ya matangi, ukalia kwa kukatakata kwenye mita 1.60. Maji matupu. Cha pili hivyo, cha tatu hivyo. Nikaandika kwenye fomu: hakuna mafuta yanayoelea. Mwenye kituo alifurahi, akaninunulia soda. Nyuma ya kituo, kama mita 80 hivi, kuna nyumba ya Bibi mmoja mwenye kisima cha pete za zege. Aliniona na vifaa akanisimamisha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umewapimia hao, na mimi je?"

Nikamwambia hakuna kitu, Bibi, kunywa tu.

Oktoba nikarudi. Maji ya ardhini yalikuwa yameshuka. Kwenye kisima cha kwanza utepe ulilia mfululizo kwenye mita 2.87, ukaendelea kulia, ukaendelea, ukaanza kukatika kwenye mita 3.28. Sentimita 41 za dizeli. Nilikaa kwenye mdomo wa kile kisima nikajaribu kuelewa imetoka wapi kwa miezi sita, mpaka nilipoitafuta michoro ya visima. Mipasuko ya bomba ilianzia mita 2. Mwezi wa Aprili maji yalikuwa mita 1.60, juu ya mlango. Chochote kilichokuwa kikielea nje ya bomba hakikuwa na pa kuingilia. Na hata kama mlango ungekuwa wazi, maji yanapopanda huyazamisha mafuta katikati ya mchanga na kuyanasa humo, yasiweze kutiririka kuingia kisimani. Yakishuka, mafuta yanaachiliwa na kukusanyika. Dizeli ile ilikuwepo masika yote. Mimi nilipima siku ambayo haikuweza kuniambia.

Tangu siku hiyo siandiki "hakuna" bila kuandika usawa wa maji na mwanzo wa mipasuko pembeni yake. Na kisima ambacho hakijapimwa masika na kiangazi, kwangu hakijapimwa.

Kulikuwa na mtego wa pili, na huu karibu unipite tena. Niliandika usawa wa maji wa visima vitatu, vyote kwa kipimo kimoja: cha pili, kilicho upande wa barabara, mita 2.88, cha kwanza, chenye dizeli, mita 3.28, cha tatu, kilicho upande wa nyumba ya Bibi, mita 2.99. Ukichora hizo namba zilivyo, kisima cha kwanza kinaonekana ni shimo. Maji ya pande zote yanakishukia. Mchoro wa kupendeza sana kwa mwenye kituo, kwa sababu unasema uchafu umejikusanya pale pale na hauendi kokote. Lakini maji ya kisima cha kwanza hayakuwa chini kwa hiari yake. Yalikandamizwa na uzito wa mafuta yaliyoyalalia. Dizeli ina uzito kama wa asilimia 84 ya maji, kwa hiyo sentimita 41 za dizeli zimeyasukuma chini sentimita 34 na ushee. Ukiyaondolea mzigo huo, maji yanasimama mita 2.94. Sasa panga tena: 2.88 barabarani, 2.94 kwenye matangi, 2.99 kwa Bibi. Hakuna shimo. Kuna mteremko mmoja, nao unakwenda kwa Bibi.

Nilirudi nyuma ya kituo siku ile ile. Nilimwambia Bibi kwamba neno langu la Aprili lilikuwa la haraka, na kwamba asitumie kisima kwa kunywa wala kupikia mpaka majibu ya sampuli yarudi kutoka Dar es Salaam. Hakunikemea. Aliuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kwani maji yanatembea?" Nikatafuta chupa.

Namba ya sentimita 41 nayo isikutishe kupita kiasi wala isikupe moyo. Bomba ni shimo tupu, nje yake ni mchanga ambamo mafuta na maji na hewa vinagawana nafasi ndogo. Unene unaousoma bombani kwa kawaida unazidi mafuta halisi yanayoweza kutoka mchangani. Wapo wanaolizidisha hilo na kusema kipimo cha kisima hakina maana. Kina maana, ukikifuata mwezi hadi mwezi kikiwa na usawa wa maji ubavuni.

Palipovuja palipatikana: ungio la bomba chini ya pampu ya dizeli. Likabadilishwa kwa siku mbili. Kilichokwisha ingia ardhini ni habari nyingine. Tulikichota kwa mkono kwa kopo refu jembamba, tukatumbukiza soksi zinazonyonya mafuta na kuyakataa maji. Kila tulipochota mengi, siku ya pili yalirudi kiasi. Mafuta yakishaingia ardhini hayatoki yote. Karibu na mji wa Bemidji, jimbo la Minnesota, Marekani, bomba la mafuta ghafi lilipasuka tarehe 20 Agosti 1979, likamwaga kama lita milioni 1.7. Walisafisha, ikabaki takribani robo. Tangu mwaka 1983 wanasayansi wa huko wamekuwa wakipima visima vya mahali hapo, mwaka baada ya mwaka, na mafuta bado yapo yanaelea. Lakini waligundua na jambo la kutia nguvu: vijidudu vya ardhini vinayala yale yaliyoyeyuka, na uchafu haukusafiri mbali kama maji yenyewe yalivyosafiri. Hilo wasingelijua bila kupima kwa subira.

Karibu na sisi ni Thange, eneo la Kibwezi, kaunti ya Makueni nchini Kenya. Bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, lilivuja hapo, na Mei 2015 mafuta yakaonekana mtoni. Wakulima waliokuwa wakimwagilia kwa maji ya mto ule, na familia zilizokuwa zikichota kwenye visima vya kando yake, walijikuta hawana maji. Ilichukua miaka mingi mpaka Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni ikaamua walipwe fidia. Ninachokiona katika habari ya Thange ni nani aliyetoa taarifa ya kwanza: mto. Na Hawaii, Novemba 2021, mafuta ya ndege yalipoingia kwenye maji ya makumi ya maelfu ya watu kutoka matangi ya jeshi la majini ya Red Hill, watu waliyajua kwa harufu ya mabombani mwao. Nchi tajiri kuliko zote, na bado kipimo kilikuwa pua.

Ndiyo maana moyo wangu hauko barabarani tu, uko kwetu. Delta ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na ndani yake vijiji vya wavuvi na wakulima wa mpunga ambavyo barabara yao ni maji. Kila kinachotembea kinakunywa petroli: maboti ya Nyamisati yanayovuka kwenda Mafia, mashua za kamba, mashine za kusaga. Petroli inafika kwa madumu na mapipa, inamiminwa kwa mpira na mdomo, inachanganywa na oili, na kinachomwagika kinamezwa na mchanga papo hapo kana kwamba hakikuwepo. Mchanga ule ule, hatua thelathini mbele, ndio paa la dengu ya maji baridi. Huku hakuna tangi la chini ya ardhi. Lakini mapipa yameongezeka tangu nilipokuwa mtoto, na nina hakika tangi litakuja, kwa sababu mahitaji yapo.

Likija, Kibiti mjini mtu anaweza kuchimba kwenda chini kuyakimbia mafuta. Deltani chini ni chumvi. Na huwezi kuyavuta kwa pampu kubwa kama wanavyofanya kwingine, kwa sababu ukilivuta tabaka la juu unaita la chini. Utatoa dizeli kwa mkono wa kulia na kuingiza bahari kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo kwetu kugundua mapema ndiyo tiba pekee ninayoiona, na visima vitatu vya plastiki, vya mita tano tano, ni gharama ndogo kuliko tangi lenyewe na kazi ya kulifunga. Vichimbwe kabla tangi halijashushwa, vipimwe wakati ardhi bado safi, ili siku moja mtu asiseme harufu hii ilikuwepo tangu zamani.

Kupima deltani kuna saa yake. Niliwahi kukaa mchana kutwa kwenye kisima kimoja upande wa Nyamisati, karibu na mto wa mikoko, nikiandika kila nusu saa. Halikudondoka hata tone la mvua, na maji ya kisima yalipanda na kushuka sentimita 19, yakiifuata bahari kwa kuchelewa kidogo. Ukipima kisima kimoja maji yanajaa na kingine yanakupwa, mshale wako utaelekea unakotaka kupotea. Siku hizi nakwenda wakati wa maji mafu, bahari ikiwa haina haraka, na nikiweza nakaa mzunguko mzima, saa kumi na mbili na nusu hivi. Wavuvi hunicheka kwamba nimekuwa kama wao, natazama mwezi kabla ya kufunga mzigo.

Sheria zipo. EWURA hutoa leseni za vituo vya mafuta, NEMC husimamia tathmini za mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo makao yake yako Iringa, ina sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. Ninachokitaka mimi ni karatasi moja zaidi: namba za visima vya uangalizi zibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, tarehe, usawa wa maji, unene wa mafuta, bila lugha ya kitaalamu. Aliye karibu na kisima ndiye anayepita hapo kila siku, mvua na jua. Mimi napita mara mbili kwa mwezi, nikijaliwa.

Bibi ameshanithibitishia hilo. Sampuli ya kisima chake ilirudi bila benzini. Ya kisima cha tatu, kilichoko kati yake na matangi, ilirudi nayo, kwa hiyo hajarudi kuyanywa. Mjukuu wake wa damu humletea madumu kwa baiskeli. Lakini kisima hakukifunga. Alichukua kamba ya katani, akaifunga jiwe mwishoni, akapiga fundo kila shubiri, na kila asubuhi baada ya swala huitumbukiza mpaka chini, akaitoa, akahesabu mafundo yaliyolowa. Anaweka alama ya mkaa ukutani, ndani, nyuma ya mlango wa jikoni. Nilipoulinganisha ukuta wake na daftari langu, kupanda na kushuka kulifuatana wiki kwa wiki. Wake una siku nyingi kuliko zangu.

Wiki iliyopita, Kibiti ikiwa imenyeshewa siku tatu mfululizo, alinipigia simu kabla jua halijatoka.

"Mjukuu wangu, yalikuwa fundo la nne. Leo la sita."

Nikahesabu kichwani: shubiri mbili, na kule nyuma ya matangi maji yanaukaribia mwanzo wa mipasuko. Siku chache tu na utepe wangu utalia kwa kukatakata, kama ulivyolia Aprili ile.

"Basi huo mlio wako utakwambia hakuna," akasema.

Nikamwambia nakuja kesho, na safari hii nakuja na chupa za sampuli.